Treni ya Bububu, Gololi za Mjomba na Kijana wa Hamburg

Najua wiki mbili hizi kibaraza kimekuwa kimya. Testi zimetubana, na bumu nalo lina hadithi yake ambayo leo siisemi. Leo nataka tumalize ule ubishi wa kafeteria, kwamba eti Bububu inaitwa Bububu kwa sababu ya mlio wa treni. Nimebishana na watu watatu, wawili wa bara na mmoja mtoto wa Kikwajuni kabisa (aibu!), nikawaahidi nitaandika. Mimi mtu wa mitambo, si mtu wa historia, kwa hiyo mtanivumilia nikichanganya reli na hesabu. Kwangu mimi hivyo vitu viwili havitengani.

Tuanze na jina. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, aliondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani kwa jina la Emily Ruete. Humo ndani Bububu imo, tena kwa jina hilo hilo. Anaeleza alivyokaa huko kando ya bahari kabla hajaondoka. Sasa reli ya Bububu ilianza kujengwa 1905. Vipi kijiji kikapewa jina la mlio wa treni ambayo ilikuja miaka arobaini baadaye? Wanaosema jina limetokana na maji ya chemchemi yanavyobubujika, hao angalau wana kitu kilichokuwepo kabla. Mimi sitii mkono kwenye hilo. La treni tu ndilo nalifunga leo, wallahi.

Ila kwenye kulifunga nimekuta jambo tamu kuliko ubishi wenyewe.

Watu wengi, hata sie tuliozaliwa Mjini, tukisikia treni ya Zanzibar tunawaza hiyo ya Bububu. Kumbe kulikuwa na nyingine kabla yake. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 mpaka 1888, yule yule wa Beit el Ajaib na wa maji ya bomba kutoka Chemchem, mwaka 1879 alitandika reli kutoka kasri lake la mjini mpaka Chukwani, kusini ya mji. Reli nyembamba, upana wake futi 2, yaani kama sentimita 61 kati ya chuma na chuma. Mwanzoni mabehewa mawili yalivutwa na nyumbu. Kisha mwaka 1881 akaagiza kichwa cha treni cha mvuke kutoka kwa Bagnall, watengenezaji wa Stafford, Uingereza. Kidogo tu, magurudumu manne. Lakini kilikuwa cha mvuke, na kilipita Unguja kabla hata Wajerumani hawajaanza kuchimba tuta la reli ya Tanga (1893) na kabla Waingereza hawajaanza ile ya Mombasa (1896). Wenzetu wa bara mliozoea kutuita watu wa jahazi, hapo mnasemaje?

Barghash alipofariki 1888, reli ikang'olewa na injini ikaenda kuwa chuma chakavu. Miaka tisa tu. Hakuna aliyeona haja ya kuhifadhi.

Basi nikasimama kwenye huo mwaka 1881, maana mwaka huo naujua kutoka darasani. Mwezi Januari 1881, Berlin, kijana wa miaka 23 anaitwa Heinrich Hertz alisimama mbele ya chama cha wanafizikia akasoma makala kuhusu mgusano wa vitu vigumu vinavyonyumbuka. Ndiyo, Hertz yule yule wa mawimbi ya redio, ambaye jina lake mnaliona kwenye simu na redio zenu. Hayo ya redio yalikuja baadaye. Mwaka 1881 alikuwa msaidizi wa Profesa Helmholtz, na kilichomsumbua si treni. Ni vioo. Ukiweka lenzi juu ya lenzi unaona pete za rangi pale zinapogusana, na Hertz akajiuliza: je, nikizibana, vioo vyenyewe havibonyei? Na vikibonyea, pete zitabadilika vipi? Akakaa na swali hilo likizo ya Krismasi ya 1880, akalimaliza. Mtu anatumia likizo kumaliza swali ambalo wahandisi wa dunia nzima walikuwa wamelishindwa. Sie likizo tunafua nguo.

Swali lenyewe ni hili. Shuleni (sie tunasema skuli) tuliambiwa mstari mnyoofu unaligusa duara kwenye nukta moja. Nukta haina eneo. Sasa weka gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma, na juu ya gurudumu weka mzigo. Kanieneo ni nguvu ugawe kwa eneo. Eneo ni sifuri! Kwa hiyo kanieneo halina mwisho, na chuma chochote kile kingesagika hapo hapo. Lakini treni ya Sayyid ilikuwa inakwenda Chukwani na kurudi, haisagiki. Kwa nini?

Kwa sababu chuma kinabonyea. Kidogo mno, jicho halioni, lakini kinabonyea, gurudumu na reli vyote viwili, na ile nukta inakuwa kidoa chenye upana wake. Hertz akatoa hesabu ya kidoa hicho: ukubwa wake, mkazo wake, na vitu viwili vimesogeleana kiasi gani.

Tupige mfano, msiogope. Chukua gurudumu la kipenyo cha nusu mita, linalobeba tani 1, juu ya reli ambayo kichwa chake kimeviringwa kwa nusu kipenyo sawa na cha gurudumu (nimechagua hivyo ili kidoa kiwe duara na hesabu iwe fupi). Vyote chuma cha pua. Ukiweka kwenye fomula ya Hertz unapata kidoa chenye kipenyo cha milimita 5. Punje ya mtama, basi. Eneo lake ni kama milimita 20 za mraba, na tani nzima imekaa hapo. Katikati ya kidoa mkazo unafika kama megapaskali 740, yaani zaidi ya tani 7 kwa kila sentimita ya mraba. Na vyuma vimesogeleana kwa milimita 0.026, chini ya unene wa unywele.

Someni tena hizo namba. Punje ya mtama ndiyo inayobeba tani, na inatembea: kila gurudumu linapozunguka, kidoa kile kinahama, chuma cha nyuma kinarudi kama kilivyokuwa, cha mbele kinabonyea. Safari nzima ya Chukwani ni punje ya mtama inayokimbia juu ya reli.

Kuna jambo la ajabu zaidi kwenye hesabu hiyo, nalo ndilo lililonifanya nipende somo hili. Mkazo hauongezeki sambamba na mzigo. Ongeza mzigo mara 8, mkazo unaongezeka mara 2 tu, kwa sababu kidoa nacho kinapanuka. Chukua gurudumu la treni kubwa ya kisasa, kipenyo sentimita 90, limebeba tani 15, na reli yenye mviringo wa kulingana nalo. Mzigo ni mara 15 ya ule wa mfano wetu. Kidoa kinakuwa na kipenyo cha milimita 15, mara 3 tu. Mkazo unafika kama megapaskali 1,240, haufiki hata mara 2. Ndiyo maana SGR, iliyoanza kubeba abiria Dar mpaka Morogoro Juni 2024, inaweza kubeba dunia nzima juu ya vidoa ambavyo kila kimoja ukikifunika kwa kidole gumba hakionekani.

Hapa nataka niingize jambo la pembeni, maana limenikaa moyoni. Hertz alizaliwa Hamburg mwaka 1857. Sayyida Salme alihamia Hamburg na mumewe, Heinrich Ruete. Mwaka 1870 mumewe akapata ajali ya tramu ya farasi mjini humo, akafa, akamwacha na watoto watatu wadogo, lugha ya watu na baridi ya watu. Hertz wakati huo ana miaka 13, mji ule ule. Na mwaka ule ule wa 1870 huku Unguja akakalia kiti Barghash, kaka yake Salme, ambaye dada huyu alimsaidia kwenye uasi wake wa 1859 ulioshindwa, na ambaye baadaye alikataa kumpa urithi wake. Kwa hiyo chuma juu ya reli kilimfanya Salme mjane Hamburg, na miaka tisa baadaye kaka yake akaweka chuma juu ya reli hapa kwetu akitaka kwenda kupunga upepo Chukwani. Sisemi kuna uhusiano. Nasema nimeyaona pamoja, basi.

Turudi kwenye mkazo. Mtu wa mitambo akiangalia namba yangu ya megapaskali 740 atanikamata. Atasema: ndugu, chuma laini cha zamani kinaanza kulegea jumla na kupinda moja kwa moja kwenye megapaskali 250 hivi. Kweli. Lakini chini ya kidoa chuma kimebanwa pande zote, hakina pa kukimbilia, kwa hiyo kinavumilia zaidi: kinaanza kulegea pale mkazo wa katikati ya kidoa unapofika kama mara 1.6 ya kiwango hicho, yaani 400. Hata hivyo 740 ni zaidi ya 400. Kwa hiyo reli laini chini ya gurudumu langu la mfano ingebonyea na isirudi. Hertz alidhani kila kitu kinarudi, na hapo ndipo fomula yake inapofika ukingoni.

Je, reli ingeharibika siku ya kwanza? Hapana, na hii ni moja ya tabia nzuri za chuma. Fikirieni kandambili mpya. Wiki ya kwanza inabonyea kufuata mguu wako, unyayo unachora nafasi yake, halafu inatulia. Reli nayo hivyo hivyo. Magurudumu ya mwanzo yanaibonyeza, chuma kinakuwa kigumu zaidi pale kilipobonyezwa, sura ya reli na ya gurudumu zinafanana fanana, kidoa kinapanuka, mkazo unashuka. Baada ya hapo kinarudi kuwa kinanyumbuka tu, ilimradi mzigo haujavuka kikomo fulani. Ukivuka, kila gurudumu linalopita linasukuma chuma kidogo mbele, kidogo tena, kidogo tena, mpaka reli inaota ulimi pembeni. Hilo la kutulia halikuelezwa kwa mahesabu mazuri mpaka miaka ya 1960, na Mwingereza K. L. Johnson, aliyeandika kitabu kikubwa cha somo hili mwaka 1985, ni mmoja wa waliolifungua. Reli ya Barghash ilikuwa imeshang'olewa zamani.

Sasa Bububu. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani, Arnold Cheney & Co., ilianza kujenga reli ya upana wa futi 3 kutoka jirani na Ngome Kongwe, ikapita katikati ya mitaa myembamba ya Mji Mkongwe, ikatokeza kaskazini na kufuata pwani mpaka Bububu, maili 7 hivi. Wengi mmeziona zile kadi za posta, treni imejaa mtaa mzima, mtu amejibana mlangoni kwake akisubiri ipite. Ilikuwa treni ya watu wa kawaida, na kulikuwa na behewa la daraja la kwanza kwa abiria wa meli waliotaka kuona mashamba kabla meli haijang'oa nanga. Utalii haukuanza jana.

Mimi kila nikiiona ile picha naangalia magurudumu. Kwenye reli iliyonyooka, kidoa kinakaa juu ya kichwa cha reli, raha mustarehe. Kwenye kona, mambo mengine kabisa. Magurudumu mawili ya treni yamefungwa kwenye ekseli moja, yanazunguka pamoja, lakini la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Lazima mojawapo liteleze. Na ule ukingo wa gurudumu unaojibana kwenye ubavu wa reli, hapo kidoa kinakuwa chembamba kama uzi, kinakwaruza na kinapiga kelele kali ya chuma kwa chuma. Kwa hiyo kama kuna mlio uliowakera watu wa Mji Mkongwe, basi haukuwa "bu-bu-bu". Ulikuwa kiii! Kijiji kingeitwa Kiii.

Serikali ikaichukua reli hiyo mwaka 1911. Barabara ikatengenezwa, motokaa zikaongezeka, na mwaka 1922 treni ikaacha kubeba abiria. Miaka ya mwisho ilibeba mawe ya kujengea bandari, halafu ikang'olewa nayo.

Watu husema barabara iliishinda reli kwa sababu gari ni bora kuliko treni. Kwa upande wa mgusano si kweli hata kidogo. Tairi ya upepo ina kanuni nyepesi: kanieneo pale chini ni karibu sawa na upepo uliojaza. Chukua tairi ya daladala iliyobeba tani 1, ina upepo wa kilo 4 na kidogo kwa sentimita ya mraba. Eneo linalogusa barabara ni kama sentimita 240 za mraba, mraba wa sentimita 15 na kitu kila upande. Kidoa cha chuma kilikuwa sentimita 0.2. Mara 1,200! Huo mpira wote unaobonyea na kurudi kila mzunguko unakula nguvu, ndiyo maana tairi ukiishika baada ya safari ina moto. Kusukuma tani moja kwenye reli unahitaji nguvu ya kilo chache tu. Kwenye tairi na lami nzuri unahitaji kilo kumi na zaidi, na kwenye mashimo ndiyo usiseme.

Lakini huo huo ubaya ndiyo ushindi wa tairi. Tani 7 kwa sentimita ya mraba hakuna jiwe la matumbawe litakalozivumilia, lazima utandike chuma njia nzima, na chuma kinatoka Ulaya kwa meli. Kilo 4 kwa sentimita ya mraba, barabara ya kifusi cha matumbawe iliyoshindiliwa vizuri inabeba. Kwa kisiwa chenye safari ya maili 7, ambako kila mtu anataka kushukia mlangoni kwake, nadhani hesabu ilikuwa imeshapigwa. Mpira ulilipa kwa mafuta kile ambacho reli ililipa kwa chuma. Na kwa miaka mingi sasa njia ile ya Bububu ni ya daladala namba 502.

Na daladala haijakimbia mkazo wa Hertz, wadau. Imeuhamisha tu. Umetoka chini ya gurudumu umeingia ndani ya gurudumu, kwenye beringi.

Mjomba wangu alikuwa na daladala, ile ya bodi la mbao, na sie watoto faida yetu ilikuwa gololi. Beringi ikifa, mjomba anaivunja kwa nyundo, tunagawana gololi. Nilikuwa naziangalia: nyingine zinang'aa kama kioo, nyingine zina vijishimo kama ngozi ya mtu aliyewahi kuugua ndui. Nilidhani ni kutu. Si kutu (au si kutu peke yake). Kwenye hesabu ya Hertz, mkazo unaotaka kukikata chuma mkubwa kabisa hauko juu kwenye uso. Uko ndani, chini ya uso, kwenye kina cha karibu nusu ya nusu kipenyo cha kidoa. Kwa lile gurudumu letu la mfano ni milimita 1.2 ndani. Kwenye gololi ni kina kidogo zaidi. Basi chuma kinachokanyagwa mara milioni kinachoka kutokea ndani, ufa mdogo unaanza mahali ambapo hakuna mtu anayeuona, unapanda juu, na kipande kinabanduka. Kile kishimo ni kaburi la kipande hicho. Fundi anaweka bisibisi sikioni, ncha kwenye makazi ya beringi, anakwambia "imeanza kulia". Anachosikia ni gololi zikipita juu ya makaburi.

Na hapa ndipo ule uzuri wa mkazo kutoongezeka sana unapogeuka kuwa mtego. Mwaka 1947 Waswidi wawili, Lundberg na Palmgren, walitoa kanuni ya umri wa beringi ambayo mpaka leo imo kwenye vitabu vya viwanda. Ukiongeza mzigo mara 2 juu ya beringi ya gololi, mkazo unapanda kwa asilimia 26 tu. Si mbaya, utasema. Lakini umri wa beringi haupungui nusu. Unabaki moja ya nane. Beringi ya roli inabaki kama moja ya kumi. Yaani ile "songeni mbele, bado nafasi" ya kondakta, pamoja na magunia ya mbatata na tenga la samaki juu ya bodi, haionekani popote siku ile. Gari linaondoka vizuri, linafika vizuri. Linalipa miezi baadaye, na likilipa barabarani gurudumu linaweza kutoka. La mjomba liligoma pale Mtoni, gari tupu, alhamdulillahi. Alikuwa ameuziwa beringi ya mtumba iliyosuguliwa ikang'aa.

Mafundi wetu wana tabia nyingine inayoniumiza: kupigilia beringi kwa nyundo kupitia ringi isiyo yake, ili nguvu yote ipite kwenye gololi. Kila pigo linaacha mbonyeo mdogo kwenye njia ya gololi. Mswidi mwingine, Brinell, aliufanya mbonyeo huo kuwa kipimo mwaka 1900: unabana gololi ngumu juu ya chuma, unapima alama iliyobaki, unajua ugumu wa chuma. Fundi wangu anafanya kipimo cha Brinell kwenye beringi mpya ya mteja, kisha anapaka grisi na kufunika.

Kwamba haya mambo yanaua watu, ushahidi upo. Tarehe 17 Oktoba 2000, huko Hatfield, Uingereza, treni ya kutoka London kwenda Leeds ilipita kwenye kona kwa kasi ya kama kilomita 185 kwa saa, na reli ikavunjika vipande vipande chini yake. Watu 4 walikufa, zaidi ya 70 wakaumia. Chanzo kilikuwa nyufa za uchovu wa mgusano kwenye kona ya kichwa cha reli, pale pale ambapo ukingo wa gurudumu unajibana. Nyufa zilikuwa zinajulikana, reli ilikuwa imepangwa kubadilishwa, haikubadilishwa kwa wakati. Nchi iliyomtengenezea Barghash injini.

Siku hizi hatupigi hesabu ya Hertz kwa mkono peke yake. Tunagawa gurudumu na reli kwenye kompyuta kuwa vipande vidogo vidogo maelfu kwa maelfu, njia iliyoanza kwa watu wa ndege Marekani miaka ya 1950. Msidhani kompyuta ni mchawi. Ugumu wa mgusano ni kwamba hujui kidoa kiko wapi na kina ukubwa gani mpaka umalize kukokotoa, na huwezi kukokotoa bila kukijua. Kwa hiyo programu inabahatisha, inaangalia kama chuma kimeingia ndani ya chuma (kitu kisichowezekana), inasukuma nje, inarudia, mara mia. Halafu kidoa ni milimita 5 kwenye gurudumu la milimita 500. Ukiweka vipande vya milimita 5, kidoa chote kiko ndani ya kipande kimoja na jibu lako ni takataka, hata kama picha yake ina rangi nzuri za upinde wa mvua. Lazima pale kwenye mgusano uweke vipande vya robo milimita, na kwingine vikubwa, vinginevyo laptop inapiga yowe usiku kucha na mwenzako wa chumba anakununia. Mimi natumia CalculiX, ya bure. Kitu cha kwanza kuifanyia ni gololi juu ya bapa, mbonyeo uliojulikana tangu 1881. Ikikupa namba ya Hertz, endelea. Isipokupa, usimwonyeshe msimamizi.

Mradi wangu wa mwaka wa mwisho ndiyo huo: gurudumu la treni nyembamba kwenye kona kali, kona za kiasi cha mitaa ya kwetu. Mwenzangu mmoja ameniuliza kwa nini nisifanye SGR, kuna ajira. Nimemwambia SGR ina wahandisi wake, wanalipwa. Reli mbili za Unguja zina mimi tu.

Kwa hiyo wale wa nyumbani, Mji Mkongwe, Malindi, Mtoni, Bububu mpaka Chukwani: kama kwenu kuna kipande cha reli ya zamani, kimeshika dari, kimekuwa nguzo ya uzio au kimelala tu uwani kinasubiri gari la chuma chakavu lenye mizani, msikiuze kabla hamjanipimia. Nataka upana wa kichwa, urefu kutoka chini mpaka juu, na unene wa shingo. Tumieni rula, si jicho. Kata karatasi ngumu ifuate mviringo wa kichwa, mnitumie picha ya karatasi. Na ile shingo isugueni kwa brashi ya waya, taratibu, pande zote mbili. Mara nyingi kiwanda na mwaka vimechapwa hapo kwa herufi zilizoinuka.